Safu ya Saa Kumi na Mbili: Wasifu wa Sista Dakika

Ndugu, majirani na wauguzi wenzake, familia imenipa mimi, binti wa kaka yake, heshima ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Sista Dakika. Aliagiza yasomwe yote, hata yale yasiyopendeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama muuza maziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1978. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, ila huandika jibu kabla ya kukokotoa." Babu aliisoma kwa sauti mezani, na kaka zake walimtania nayo miaka mingi.

Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha uuguzi, akapata cheti mwaka 1982 na kuajiriwa katika wodi ya wanawake. Wodi ilikuwa na vitanda arobaini, na zamu ya mchana ilikuwa na wauguzi wawili. Kazi ilipozidi, wauguzi walikuwa na desturi moja mbaya: kujaza vipimo vya jioni mapema kwa kunakili vya mchana. Jumanne tarehe 7 Oktoba 1986, saa kumi jioni, marehemu alijaza safu ya saa kumi na mbili kwenye chati ya mama wa kitanda namba tisa. Joto 36.8, mapigo 76, pumzi 18. Alikusudia kurudi kumpima. Hakurudi. Daktari alithibitisha kifo cha mama yule saa kumi na moja na nusu.

Kesho yake matroni alimwita ofisini na kumwonyesha ile safu. "Sista," alisema, "marehemu wako ana mapigo mazuri kuliko yangu."

Shangazi hakujitetea. Alisimamishwa kazi miezi sita, na aliporudi alianza kuhesabu mapigo kwa dakika nzima kwa kila mgonjwa, bila kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne. Ndipo jina la Sista Dakika lilipozaliwa. Na kila jioni saa kumi na mbili alisimama kando ya kitanda namba tisa, hata kikiwa kitupu, akaweka vidole viwili juu ya shuka na kuhesabu kimyakimya.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990 na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa watoto wawili. Mume wake, ambaye sisi humwita mjomba, husimulia hivi: "Siku ya kwanza kunishika mkono nilijua nimependwa. Kumbe nahesabiwa! Dakika ilipoisha akaniambia niache chumvi."

Mwaka 2003, akiwa na miaka arobaini na miwili, alianza shahada ya uuguzi. Kijana mmoja darasani alimuuliza, "Mama, umemfuata mwanao?" Akamjibu, "Nimefuata kiti. Sogea." Alisoma miaka minne: anatomia, famasia, afya ya jamii, ukunga, afya ya akili, uongozi na takwimu, huku akiingia wodini mwisho wa juma. Kwa utafiti wake wa mwisho alikagua chati 212, na akaeleza ni ngapi zilionyesha dalili za kujazwa mapema. Kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo aliiweka ile ya kitanda namba tisa, aliyoijaza mwenyewe.

Shahada ile ilimfungulia milango. Kwanza alisimamia ubora wa huduma hospitalini, na kuanzia mwaka 2010 hadi alipostaafu mwaka 2021 alifundisha chuoni. Wazazi walipolalamika kwamba miaka minne ni mingi kwa kujifunza kuchoma sindano, aliwataja waliopita mikononi mwake: wa chumba cha wagonjwa mahututi, wa chanjo vijijini, watafiti, wakunga, na mmoja anayesimamia hospitali nzima. "Sindano ni siku moja," aliwaambia. "Miaka iliyobaki ni ya kujifunza kutosema uongo."

Alipowapeleka wanafunzi wodini hakuacha desturi yake. Mwanafunzi mmoja alimwambia, "Mwalimu, kitanda hiki hakina mtu."

"Nakiona."

"Sasa unahesabu nini?"

"Nikimaliza nitakuambia." Alimaliza, akafuta vidole kwa leso, akaenda kitanda kinachofuata. Mwanafunzi aligusa lile shuka na kuapa kwamba lilikuwa la moto. Wiki iliyofuata alihamia famasia.

Mwaka 2022 marehemu aliugua figo. Alipoona siku zinapungua alitaka jambo moja tu: kumwomba radhi mtoto wa mama yule akiwa bado na pumzi ya kuomba. Mjomba alizunguka miezi mitano hadi akampata, fundi cherehani wa karibu na soko. Alikuja Jumapili tarehe 2 Juni 2024. Nilikuwepo.

Shangazi alimwambia, "Binti yangu, chati ya mama yako niliiandika uongo. Alifariki saa kumi na moja na nusu, mimi nikaandika kwamba saa kumi na mbili ana mapigo."

Fundi akasema, "Mama, saa kumi na mbili nilikuwa naye. Kengele ya kuwaona wagonjwa ililia nikaingia. Nilimkuta amekaa. Alinifunga kifungo cha sare ya shule akanituma maji. Niliporudi wakaniambia amefariki zamani. Nilipowaeleza, wakasema nimekosea kitanda. Hata baba alisema hivyo. Mkono wake ulikuwa wa moto, mama. Nani anakosea mama yake?"

Mjomba alidakia, "Umesikia, mke wangu? Hukuandika uongo!"

"Niliandika," alisema shangazi. "Awe hai, awe amekufa, mimi sikumshika mkono." Kisha akamgeukia fundi. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila na wewe uniamini. Miaka thelathini na minane hakuna aliyeniamini."

"Nakuamini," alisema shangazi. Fundi akalia kama mtoto.

Marehemu alifariki nyumbani Jumatano tarehe 12 Juni 2024. Wengine mmeuliza kwa nini ratiba ya mazishi haina saa ya kifo. Nilimpima saa mbili asubuhi, mapigo yalikuwepo. Nilimpima tena saa tatu na dakika ishirini, nikahesabu dakika nzima, hayakuwepo. Kati ya nyakati hizo mbili sikupima, kwa hiyo sikuandika.

Ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watatu, kaka wawili, na wanafunzi wake walio kazini leo katika wodi nyingi. Ameacha pia fundi cherehani, ambaye kwa ombi la marehemu ameketi safu ya mbele pamoja na familia.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani.