Kavutha Ndolo na Kura Zilizoitwa Hewa (1983–2025)

Marehemu Wendy Kavutha Ndolo alituachia agizo moja kuhusu wasifu huu: tusimsifu. Aliijua tabia ya matanga, kwamba mtu akishaingia ndani ya jeneza, hata aliyekuwa mkali kama pilipili hugeuka malaika. "Mkisoma habari zangu, someni na ile ya Ndithini," alisema. "Kama hamtaisoma, basi mniombee tu, mnizike, mwende nyumbani." Sisi wa nyumba ya Ndolo, pamoja na nyumba ya Kilonzo iliyomwoa, tumejaribu kumtii. Anayesoma ni mimi, Mwangangi, kaka yake mkubwa, na msiponisikia vizuri mahali fulani mtanivumilia.

Kavutha alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1983, huko Kathiani. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Titus Ndolo na Mama Ndinda, na kwa kuwa ndiye msichana wa kwanza, alipewa jina la mama yake baba kama desturi yetu inavyotaka. Baba zetu wadogo wawili nao walimtukuza mama yao vivyo hivyo. Kwa hiyo boma moja lilikuwa na Kavutha wanne, bibi mwenyewe na wajukuu watatu. Susu, ndivyo tulivyomwita bibi, akiita "Kavutha!" na kuna ndizi mbivu, wote watatu walifika mbio. Akiita na kuna kuni za kubeba, kila mmoja alidhani ameitwa mwenzake. Huyu wetu ndiye aliyekamatwa mara nyingi, kwa sababu hakuweza kudanganya bila kucheka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kathiani na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, kisha akaenda shule ya bweni na kumaliza kidato cha nne mwaka 2001. Mwalimu wake wa hisabati aliandika kwenye ripoti kwamba "anauliza maswali kuliko inavyofaa". Mwalimu alikuwa analalamika, lakini baba alimpongeza mwanawe na kumchinjia kuku. Mwaka 2004 alipata diploma ya kompyuta mjini Machakos, akaajiriwa kwenye saiba karibu na stendi, akiwachapia watu barua za kuomba kazi na kuwasahihishia Kiingereza bila kuombwa.

Humo kwenye saiba ndimo alimokutana na Mutuku Kilonzo wa Katangi, aliyekuja kuchapisha bei za misumari na mabati ya duka lake. Mutuku alileta mbuzi wa ntheo, wale wa kumtambulisha mchumba, mwezi wa Agosti 2009. Mbuzi mmoja, kwa kuona milima ya Kathiani, alikata kamba akapotelea huko. Baba mdogo Nzioka alimfukuza kutwa nzima akiwa amevaa suti, na mpaka leo anadai viatu vingine. Ndoa ilifungwa kanisani Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2009, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ndanu na Kilonzo.

Sasa tufike Ndithini.

Mwaka 2015 Kavutha alijiunga na shirika dogo la kiraia mjini Machakos lililoanzisha kura ya miradi ya wadi kwa simu. Wengi wenu mnakumbuka mikutano ilivyokuwa. Iliitwa ya kushirikisha umma, lakini ilifanyika sokoni, na umma ulioshirikishwa ni wale waliokuwa karibu na sufuria ya chai. Mama wa mbali, mwenye ng'ombe wa kukama na mahindi ya kupalilia, alisikia maamuzi wiki mbili baadaye. Kavutha aliunda mpango ambao mtu angetuma ujumbe mfupi bila malipo, aandike jina, kijiji na mradi anaoutaka, arudi kwenye palizi yake. Alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alituambia kwamba sasa serikali itamsikia hata asiye na nauli, na aliamini hivyo kwa moyo wote.

Mwezi wa Julai 2016 wakaazi wa wadi ya Ndithini, upande wa Masinga, walitakiwa kuchagua silanga, yaani bwawa la kuvunia maji ya mvua, lichimbwe upande wa soko au upande wa chini. Ili kuzuia wizi wa kura, Kavutha aliweka sharti kwenye mashine: jina likijirudia kutoka simu ile ile na kijiji kile kile, lihesabiwe mara moja tu. Upande wa soko kila mtu alikuwa na simu yake. Upande wa chini boma zima lilitumia moja. Zaidi ya nusu ya kura zao ziliondolewa, silanga ikaenda sokoni, na matokeo yakatangazwa kwa kipaza sauti mbele ya watu wote: "Kura hewa kutoka upande wa chini zimefutwa."

Hewa ni neno baya katika nchi hii. Tuna wafanyakazi hewa na dawa hewa, na kila anayelisikia hujua kuna mwizi. Tangu siku hiyo watu wa upande wa chini waliitwa Mahewa. Mama akiomba kupimiwa sukari sokoni aliulizwa kama na yeye ni wa kweli. Watoto waliimbiwa shuleni.

Kavutha hakujua lolote. Mwaka 2018 kura nyingine ilipopigwa, na upande wa chini haukutuma hata ujumbe mmoja, alidhani mtandao umekatika, akaenda kuangalia. Alifikia kwa mama mzee aitwaye Nzembi, akamuuliza kwa nini hawapigi kura.

"Nyinyi watu wa simu si mlisema sisi ni hewa?" Nzembi akamjibu. "Sasa hewa itapiga kura namna gani, mwana wakwa?"

Kabla hajajibu, Nzembi aligeuka akaita, "Nthambi! Leteni kiti!" Wakatoka wasichana watatu kutoka nyumba tatu, watoto wa wanawe watatu, kila mmoja ameitwa kwa jina la marehemu dada yake Nzembi aliyewalea baba zao. Mashine iliuliza jina, nao, kwa simu moja ya boma, wakaandika jina wanaloitwa. Nani nyumbani kwake anajitambulisha kwa majina matatu? Kiti kilifika, lakini Kavutha alikuwa ameshaketi chini, mchangani.

Aliporudi alimweleza mkurugenzi wake, Festus, aliyemsihi anyamaze. Festus si mtu mbaya na leo yuko hapa, ametukubalia tumtaje. Alimwambia, "Ukisema mashine ilikosea, kesho wataifunga, na keshokutwa tumerudi kwa chai na mandazi. Rekebisha polepole." Mama yetu naye alimwambia si kosa lake, ni la mashine. Kavutha akamjibu, "Mashine haina susu, Mama. Mimi niko naye, na nimeitwa jina lake."

Hata hivyo alinyamaza. Hili ndilo alilotaka tulisome bila kulipunguza. Alirekebisha mashine kimyakimya, akapokea mshahara, na kwa mwaka mmoja na nusu akawaacha watu wa upande wa chini waendelee kuitwa wezi, huku akijua si wezi. Alikuwa akisema kosa la kwanza ni la ujinga na la pili ni la uoga, na kwamba ujinga hutubiwa kwa kusoma, lakini uoga hakujua hutubiwa kwa nini. Alikonda. Ukimpigia hadithi ya kuchekesha alicheka akakoma katikati, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, siku ya soko, aliomba kipaza sauti akasimama mahali pale pale. Alisema kura zile zilikuwa za watu wenye miili na majina, kwamba aliyezifuta ni yeye Kavutha Ndolo, na kwamba alijua akanyamaza. Watu wa soko walimzomea. Watu wa upande wa chini hawakuzomea wala hawakupiga makofi. Nzembi alisema tu, "Tumekusikia."

Huduma ilifungwa kama Festus alivyohofia, na Kavutha akabaki bila kazi. Akauza misumari na mumewe, lakini kila mwezi alirudi Ndithini kukaa na wale akina mama, akiwauliza mashine iwe namna gani. Mwaka 2022 wadi ilikubali kuanza upya kwa sharti lililotoka kwao: hakuna kura inayofutwa kabla mwenyewe hajaitwa mbele ya watu na kujieleza. Mashine inashuku, binadamu wanaulizana. Sasa wadi nyingine mbili zinafuata njia hiyo. Upande wa chini ulipata silanga yake mwaka 2024. Tulipompelekea habari hiyo alisema miaka minane ni mingi kwa mtu anayefuata punda kuteka maji mbali, akageukia ukuta.

Alikuwa hospitalini wakati huo. Saratani ya matiti iligunduliwa mwezi wa Juni 2023, akatibiwa Machakos na Nairobi, na Mutuku hakumwacha hata siku moja. Mateso yake makubwa, tunavyoamini sisi, hayakuwa ya mwili. Kila aliyetoka upande wa Masinga alimuuliza, "Wamesema nini?" Alikuwa anasubiri neno moja, tumekusamehe, na kwa miaka yote lililokuja ni tumekusikia. Alifariki Alhamisi, tarehe 30 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili, bila kulisikia.

Ameacha mume, Mutuku Kilonzo, watoto, Ndanu na Kilonzo, mama mzazi, Mama Ndinda, kaka, mimi, mama mkwe, Mama Ndanu ambaye mjukuu ana jina lake, na binamu wawili wanaoitwa Kavutha, ambao wameomba watajwe mmoja mmoja: Kavutha wa Nzioka na Kavutha wa Muli.

Jumanne iliyopita, tukiwa kwenye maombi ya jioni hapa Katangi, Mama Nzembi aliingia akisaidiwa na mkongojo. Tulimweleza neno ambalo marehemu alikuwa akilingojea. Akaanza kulia.

"Lakini tulimsamehe siku ile ile," alisema. "Akitoka sokoni tulimchukua, nikampa isyo, mahindi na maharagwe, kwa sahani yangu, akamaliza. Mimi siwezi kula na mtu niko na kinyongo naye. Nilifikiri anajua. Kwani huyu si Mkamba? Angeniuliza tu! Ama mimi ningesema. Ningefungua mdomo tu niseme."

Hata sisi tungeweza kwenda kumuuliza, na hatukwenda. Amekuja tena leo, ameketi hapa mbele. Tulitaka tulisome neno hilo kwa niaba yake, akakataa, akasema kuna maneno ambayo mtu hatumi. Tunampa nafasi alitamke mwenyewe kabla ya udongo, halafu Kavutha apumzike.