Trekta Jekundu, Trekta la Bluu na Miguu ya Shangazi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mfuko wa Zana, maofisa mlioongozana naye, Mwenyekiti wetu, wauzaji wawili wa matrekta mliokaa mbalimbali ili msilazimike kusalimiana, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana.

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wakulima wa Matunda Tusichoke tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunakupa pole ya safari, na pole nyingine ya kutembea kwa miguu kutoka getini, kwa kuwa gari lako halikupita. Tumefurahi kuona umekuja na mabuti. Ulipokuja mara ya kwanza ulivaa viatu vyeusi vinavyong'aa, ukaondoka navyo vikiwa na rangi ya shamba letu. Tulisikitika sana siku ile, ingawa baadhi yetu walisikitika wakiwa wamegeukia ukutani.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, tulianza tukiwa watu wachache wenye majembe, na eneo hili lote likiwa vichaka. Tulipomaliza kufyeka tulitaka kupanda michungwa, na hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza. Hatukuwa na futi ya kupimia. Kila mtu alitaka kupima mstari wake kwa hatua zake, na Mwenyekiti, ambaye kama unavyomwona ni mrefu, alikuwa anapanda mche huku na mwingine kule, nusura avuke mpaka aingie kwa jirani.

Tukakubaliana apime mtu mmoja. Tukamchagua Shangazi.

Shangazi ni yule aliyekaa safu ya pili, mwenye kilemba cha njano, ambaye sasa hivi anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ni dada wa baba kwa nusu ya wanachama, na nusu iliyobaki wamejipachika wenyewe. Ni mwanamke wa kimo cha kawaida, akisimama juu ya kreti. Alilipima shamba lote kwa hatua zake, na michungwa ikasimama imenyooka kama uzi. Ila mistari imekaribiana. Mwenyekiti hupita humo ameinama, na amelalamika tangu miti ilipomfikia mabegani. Sisi wengine hatulalamiki, kwa sababu shamba lililopimwa kwa hatua fupi limechukua miti mingi zaidi, na miti ndiyo inayotulisha.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, haba na haba hujaza kibaba. Tumejenga banda la kufungashia matunda, ndilo hili tulimo. Tulinunua pia pawatila iliyotumika, ile mashine ya kulimia ambayo mtu huishika mikono na kutembea nyuma yake. Wanachama wengi walijaribu kuiendesha. Mwenyekiti aliiendesha pia, au tuseme ilimwendesha yeye, na ikamfikisha mtaroni. Aliyeiweza ni Shangazi. Misimu yote hiyo ametembea nyuma yake, mstari hadi mstari, kwenye matope na kwenye vumbi, huku magoti yakimuuma. Ukimuuliza habari za magoti atakwambia yapo.

Msimu uliopita pawatila ilizima, haikuwaka tena. Fundi wetu, ambaye hajawahi kukiri kwamba kitu chochote kimekufa, aliinama juu yake asubuhi nzima, kisha akasimama na kuvua kofia.

Ndipo ulipokuja wewe na viatu vyako, ukatuahidi kwamba tukichanga nusu ya bei ya trekta dogo, Mfuko utatoa nusu nyingine. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Jioni hiyo hiyo mkutano ulipitisha kwamba dereva wa trekta hilo atakuwa Shangazi. Hakutoa hotuba. Alisema, "Basi nitakaa," akaendelea kupanga machungwa kwenye kreti. Lakini waliokuwa karibu naye wanasema kreti ile aliipanga mara mbili.

KULINGANISHA MATREKTA

Tuliunda kamati ya kuyalinganisha matrekta kabla ya kununua, kwa kuwa tumesikia mengi kuhusu watu walionunua kwanza na kulinganisha baadaye. Kamati ilikuwa na Mwenyekiti, Fundi na Katibu anayesoma risala hii. Tulikwenda kwa wauzaji tukiwa tumevaa vizuri. Tulipiga tairi mateke, kama tulivyoona wateja wengine wakifanya, ingawa mpaka leo hakuna aliyetueleza tairi hujibu nini.

Trekta la kwanza kuonyeshwa lilikuwa la mkono wa pili, la kijani, tukalibatiza Mzee. Muuzaji alisema lilikuwa la mwalimu mstaafu aliyeliendesha siku moja moja tu kunyoosha mgongo. Fundi alifungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu, akampa muuzaji pole. Tukaondoka.

La pili ni hilo jekundu uliloliona nje ya geti. Mgeni rasmi, Jekundu ni trekta. Lina karibu maradufu ya nguvu za mwenzake. Linavuta kwa magurudumu yote manne, mikono yake ya nyuma inanyanyua jembe zito bila kuguna, na tela lake linabeba mavuno ya siku nzima kwa safari moja. Mwenyekiti alipanda, akashika usukani, asiuachie. Tulipomwambia ashuke alisema anasikiliza injini. Injini ilikuwa haijawashwa.

La tatu ni la bluu, hilo lililojificha nyuma ya mwenzake. Bluu lina nguvu kidogo. Kwenye udongo mzito wa kule bondeni litapita mara mbili pale ambapo Jekundu lingepita mara moja, na tela lake litatutaka twende na kurudi. Hatukufichi hilo. Kwa upande mwingine linakunywa dizeli kwa adabu, spea zake zipo duka la jirani, na ni jembamba.

Kamati ikapima. Tulilipima geti, tukaupima mlango wa banda, tukapima nafasi kati ya michungwa. Mwenyekiti alitetea Jekundu kwa nguvu zote. Geti tutalivunja, alisema, na matawi tutayapunguza. Alizungumza vizuri sana, nasi tukakubali. Tukampiga picha akiwa juu ya Jekundu, amevaa koti, jua likimwangaza upande. Picha hiyo ndiyo aliyokutumia. Mwenyekiti alikalia Bluu pia, magoti yakamfika masikioni, na picha tulipiga, lakini hiyo tunadhani hukuletewa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja na ilitokea kule nje ya geti.

Jekundu lililetwa kwa majaribio. Wanachama wote walikuja. Shangazi alivaa viatu vya kufunga kamba, na kilemba hicho hicho cha njano. Muuzaji aliwasha injini, akashuka, akampisha. Shangazi akapanda, akakaa, akatazama mbele. Miguu yake ikabaki inaning'inia.

Ili aifikie klachi ilibidi ateleze mpaka ukingoni mwa kiti. Sasa, chini ya kiti hicho kuna swichi. Dereva akiinuka wakati trekta lipo kwenye gia, injini huzima, lisije likaondoka peke yake na kuua watu. Ni jambo jema na tunalisifu. Lakini Shangazi alipoteleza ili akanyage klachi na kuingiza gia, swichi iliona kiti kimeachwa wazi, na injini ikazima. Akawashiwa tena, ikazima tena. Akajaribu mpaka muuzaji akaanza kutazama saa. Trekta lile halikukubali kabisa kwamba limekaliwa na mtu.

Tulileta mto tukauweka mgongoni kwake, akasogea mbele hadi usukani ukamgusa tumbo, na swichi bado haikuridhika. Mtu mmoja akashauri tufunge kipande cha gogo kwenye pedali. Fundi alikataa katakata. "Siku gogo hilo likiteleza," alisema, "kaka yake nitamwambia nini?" Na kaka yake, kama tulivyosema, ni baba wa nusu yetu.

Hapo Mwenyekiti, kwa masikitiko makubwa ambayo hayakuonekana usoni, alijitolea kuendesha yeye.

Shangazi alishuka. Alishuka kwa mgongo, akitafuta ardhi kwa mguu, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alipofika chini alitutazama kamati nzima.

"Mmepima geti," alisema. "Mmepima mlango, mmepima miti. Mimi mlinipima lini?"

Alichukua jembe lake pale lilipoegemezwa, akaenda kwenye mstari wake, akalima. Baadaye Fundi alimfuata, akarudi amebadilika sura. Tulimbana atueleze, akasema Shangazi hakumlaumu mtu. Alimwambia tu kwamba maisha yake yote amelima akitembea, na alikuwa anatamani alime amekaa, japo kwa miaka michache iliyobaki. Mgeni rasmi, iliuma. Hata Mwenyekiti hakula vizuri siku ile, na Mwenyekiti ni mtu wa kula.

Wiki iliyofuata tuliomba Bluu liletwe. Kiti chake kina kishikio cha pembeni; ukikivuta, kiti kizima kinasogea mbele pamoja na swichi yake. Shangazi alikivuta. Mguu ukaifikia klachi na nafasi ikabaki. Aliingia katikati ya michungwa aliyoipima mwenyewe, akaenda hadi mwisho, akakata kona, akarudi, na hakuna jani lililoanguka. Tukamngoja ashuke. Hakushuka. Alizunguka tena, na alipozunguka kwa mara nyingine muuzaji alianza kuulizia dizeli yake. Tulimwambia avumilie kidogo, mtu yupo kazini.

Lakini wakati huo jibu lako lilikuwa limeshafika. Uliitazama picha ya Mwenyekiti ukaandika, "Hilo ndilo trekta. Endeleeni." Hatukulaumu, picha ilikuwa nzuri. Maofisa wako walichukua neno lako wakaandaa kila kitu kwa ajili ya Jekundu, na tulipowapigia simu walitukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Tulitafakari methali hiyo usiku na mchana. Tumeona inamhusu mkulima anayekataa jembe kwa uvivu, na sisi hatujakataa kulima.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba ukitoka hapa utembee nasi katikati ya michungwa, ujionee mwenyewe. Ili Jekundu lipite, matawi ya chini yatakatwa mistari yote, na hayo ndiyo yanayozaa na ndiyo mtu anayafikia bila ngazi. Geti tunaweza kulijenga upya wiki hii hii. Mchungwa hauna haraka hiyo.

Pili, tunaomba Mfuko uweke nusu yake kwenye Bluu. Bei yake ni ndogo kuliko ya Jekundu, kwa hiyo maofisa wako wataona kwamba tunawapunguzia kazi. Kule bondeni tutapita mara mbili. Hatuna miadi kwingine.

Tatu, tunaomba usimwonee huruma Shangazi. Tulipomweleza kwamba habari zake zitakuwamo kwenye risala, alitujia juu. "Mkiniombea kiti kama sadaka," alisema, "sikikalii." Kwa hiyo hatumwombei. Tunakuarifu tu kwamba kikundi hiki kina dereva mmoja anayeaminika, na kwamba mwingine aliyejitolea, ambaye amekaa kulia kwako, anajulikana vizuri na mtaro.

Mwenyekiti ameruhusu sentensi hiyo isomwe. Ameruhusu pia tuseme kwamba juzi, mbele ya wanachama wote, aliondoa jina lake kwenye udereva. Alisema mtu akikalia kiti cha mwenzake, kila akikaa atakuwa anakumbuka.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, jana tulikutana kwa mara ya mwisho kabla ya ujio wako. Ajenda ilikuwa moja: tufanye nini iwapo Mfuko utasema ni Jekundu au hakuna. Migongo inatuuma sote. Magugu yamefika magotini, na yakiachwa msimu mmoja zaidi yatafika kiunoni, kwa Shangazi yatafika kifuani. Tulilijua hilo tulipoinua mikono. Tuliamua kwamba, ikiwa hivyo, tutakushukuru kwa dhati, tutakusindikiza hadi kwenye gari lako kule getini, na kesho yake tutachukua majembe tuendelee kuchanga, hata ichukue miaka, mpaka tulifikie la bluu kwa nguvu zetu.

Kura zote zilikubali isipokuwa moja. Aliyepinga ni Shangazi. Alisimama akasema si busara watu wazima na akili zao waache trekta zima kwa sababu ya miguu yake miwili, na kwamba yeye kutembea ameshazoea. Tulimsikiliza kwa heshima zote za shangazi. Kisha tukahesabu mikono, akashindwa.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na hekima, ayatunze mabuti yako, na akuongoze vyema katika neno utakalolitamka ukisimama hapa.

Ni sisi wapwa zake, wa damu na wa kujipachika,
Wanachama wa Kikundi cha Wakulima wa Matunda Tusichoke.