Ngazi ya Ghala

Inshirah alipakata cheti chake cha masomo ya biashara kwenye basi dogo la kwenda mjini Tanta, Misri. Saa tatu alikuwa na usaili wa kazi ya kutunza ghala la serikali.

"Binti yangu, kazi ile si ya wanawake," alisema jirani yake wa mtaani aliyeketi kando, Mzee Metwalli, mstaafu wa ghala hilohilo. "Joto, panya, na ngazi ya mita sita. Siku ya kuhesabu mali utaipanda?"

"Wewe uliipanda, ami?"

Mzee akakohoa. "Sisi tulihesabia chini, chai mkononi, tukatia saini."

Abiria wakacheka. Inshirah hakucheka; nyumbani, mtungi wa gesi huupandisha mwenyewe hadi ghorofa ya tano.

"Ukihesabu kweli, wakubwa hawatakupenda," mzee akaongeza.

Basi likasimama. Inshirah akateremka.

"Sikuja kuposwa, ami. Wanionyeshe ngazi."