Rejeta ya Chumbani: Maisha ya Mhandisi Theophil Tweve, 1973–2025

Wapendwa mliojibana hapa sebuleni, na ninyi mliosimama kwenye korido hadi mlango wa lifti, naitwa Joachim Komba, kaka yake mjane wetu Martina, shemeji wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma haya kwa sababu wenzangu wote wanalia, mimi nikaonekana nina koo. Historia ndefu, yenye ukoo mzima hadi mababu, itasomwa na kaka yake mkubwa kule Makete siku ya mazishi, hii fupi ni ya kwetu sisi wa Guangzhou.

Theophil alizaliwa tarehe 14 Juni 1973 huko Makete, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Elia Tweve na Mama Neema Sanga, katika mwezi ambao kule asubuhi umande huwa umeganda juu ya majani, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo aliwekwa karibu na figa kabla hajapewa jina. Alisoma shule ya msingi hapohapo Makete kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akaendelea na sekondari Njombe na baadaye Mbeya, akamaliza kidato cha sita mwaka 1994, na mwaka 1996 akapata nafasi ya kuja kusoma China, mji wa Harbin, kaskazini kabisa, ambako aliniambia kwamba mwezi wa kwanza ukitema mate yanafika chini yakiwa jiwe. Sikumwamini, mimi niliyekwisha kupita Istanbul, Frankfurt na Toronto na kujiona mzee wa baridi, nikaenda mwenyewe, nikarudi baada ya siku mbili nikiwa nimevaa hadi taulo za hoteli.

Harbin alisomea uhandisi wa kupasha joto majumba, akahitimu Julai 2001, na kwa mwaka mmoja akafanya kazi na mafundi wa huko, wakizunguka nyumba kwa nyumba kutengeneza rejeta. Hapa nieleze kwa faida ya wageni, kwamba rejeta hii si ya gari, ni ile ya ukutani inayopitisha maji ya moto ili chumba kipate joto, ingawa ndugu zake nyumbani hawakulielewa hilo hadi mwisho, na kila Krismasi walimtumia picha za rejeta za Fuso wakiuliza kama atazipatia dawa.

Mwezi wa tisa mwaka 2002 alihamia Guangzhou, akawa mwenyeji wa wafanyabiashara wanaotoka nyumbani, akiwapeleka masokoni, Shiling kwenye mikoba na Yide Lu kwenye vifaa vya shule, na mteja wake wa kwanza nilikuwa mimi, ambaye siku ya kwanza nilijifanya najua njia, nikampoteza mwenyeji wangu mwenyewe. Nilimlipa fadhila kwa kumtambulisha kwa dada yangu Martina alipokuja kununua nguo, wakafunga ndoa tarehe 20 Septemba 2003 katika kanisa la Kilutheri Njombe, nasi Wakatoliki wa Mbinga tukaimba vizuri kuliko wenye kanisa. Mungu akawajalia watoto wawili, Judica, aliyezaliwa tarehe 7 Mei 2005, na Teddy, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 2011, ambaye yuko shuleni Njombe na ndiye atakayempokea baba yake.

Ufundi wake wa Harbin ulidhaniwa umekufa, maana Guangzhou nyumba nyingi hazina rejeta kabisa, ndiyo sababu mwezi wa pili tunavaa majaketi ndani na kuyavua tukitoka nje. Lakini wapo wazee wa kaskazini wanaokuja kuishi na watoto wao huku, hao hufunga boila ya gesi ya kuchemshia maji kwenye baraza na rejeta kila chumba, zikigoma hawana wa kumwita. Mwaka 2014 bibi mmoja mwenye nyumba hii tuliyomo aliambiwa kuna fundi, akafungua mlango, akamtazama Theophil kuanzia viatu hadi kofia, akauliza, “Fundi yuko wapi?” Theophil akamjibu kwa lafudhi ya Harbin iliyonyooka kiasi kwamba bibi akashika ukuta kwa kicheko, akamwita mwanawe, “Njoo, amekuja mtu wa kwetu!” Bibi aliporudi kaskazini mwaka huohuo hakutaka mpangaji mwingine ila yeye.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja. Hakufungua begi la vifaa kabla hajaigusa rejeta kwa mgongo wa kiganja, juu kisha chini, ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, kuna hewa ndani, itolewe, ikiwa juu ni moto na chini ni baridi, kuna matope, ioshwe, na ikiwa yote ni baridi, basi kuna koki iliyokwama au kuna rejeta mwenzake anayekunywa maji yote njiani. Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa cheo cha kushika karai, na hata karai alinikumbusha upande wa juu ni upi.

Mnajua wenyewe sebule hii ilivyokuwa kila majira ya baridi. Rejeta zake nne zilifunguliwa hadi mwisho, watu wa Dar, wa Zanzibar, wa Mwanza, mtu akishuka na baridi yake kutoka barabara ya Huanshi Zhonglu anajua pa kwenda, na Theophil alikuwa akisimama mlangoni akisema, “Vua jaketi, hapa ni Tanga.” Hakuna aliyewahi kujiuliza chumbani kwake kukoje.

Tarehe 18 Desemba 2024 alipata kiharusi akiwa anatoka kununua mkate, kikamchukua sauti na upande wa kulia. Alilazwa hadi tarehe 11 Januari 2025, daktari akamruhusu arudi nyumbani kwa onyo moja, kwamba kifua chake ni dhaifu, chumba kiwe na joto mchana na usiku, kikipata baridi itakuwa nimonia na hatutamvusha. Tukamlaza chumbani, kitanda kando ya rejeta, na rejeta ile ilikuwa baridi kama maiti, mnisamehe neno hilo leo.

Tuliweka hita ya umeme, hewa ikamkausha, akakohoa hadi tukaizima. Jumapili tarehe 19 Januari, sebule ikiwa imejaa watu waliokuja kumwona mgonjwa, mimi na Judica tukaingia kazini, tukafungua tundu la juu tukitarajia hewa, yakaja maji meusi moja kwa moja kwenye viatu vyangu, na mgonjwa, ambaye hajacheka tangu hospitali, akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Tukakagua koki, haijakwama, tukatazama boila, iko sawa. Judica akatoka akagusa rejeta za sebuleni moja baada ya nyingine kwa mgongo wa kiganja, akarudi.

“Baba, hizi nne ndizo zinakunywa maji yote, chumba chako ni cha mwisho. Ulikuwa unajua?”

Theophil akafumba macho, akafumbua. Ndiyo.

“Nizibane za wageni?”

Akatikisa kichwa. Judica akamuuliza tena, akatikisa tena, akainua mkono wa kushoto akaelekeza sebuleni, na sote tulielewa kwamba wageni wasiguswe. Martina akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka kumi na moja wamelala na soksi na kofia, na kila akimwambia abane zile za sebuleni alijibu kwamba mgeni havuliwi jaketi kisha akarudishiwa.

Safia wa Zanzibar, ambaye masikio yake hayajawahi kuhitaji mlango wazi, akasimama katikati ya sebule. “Hebu nyie! Mwenzenu anaganda huko ndani na sie tumejikalia hapa kama tuko hamamuni! Vuai, vaa koti lako, na wewe Joachim usinitazame, vaa!” Vuai, mumewe, akavaa, Martina akaanza kuwaomba radhi wageni, Safia akamwambia, “We mwana, radhi ya nini, bana hizo koki!” Judica akainama akazibana zote nne, akaacha nafasi kidogo tu.

Theophil alikasirika, aligeuza uso ukutani, hakutaka hata uji. Baada ya muda bomba la chumbani likaanza kulia taratibu, maji ya moto yakiingia, naye bila kutugeukia akanyoosha mkono wa kushoto, akaigusa rejeta yake kwa mgongo wa kiganja, juu, kisha chini, akauacha mkono pale.

Kuanzia siku hiyo mlikuja na majaketi yenu, mkaketi nayo, hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi, na nimonia haikumpata. Kilichompata ni kiharusi cha pili, asubuhi ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa kitandani kwake, chumba kikiwa na joto, Martina amemshika mkono. Mwili utaondoka kesho kwenda nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa jengo hili waliokuwa wakituletea supu bila kugonga mara mbili, jumuiya yetu ya Watanzania, Waislamu kwa Wakristo, mliochangia safari hii, wafanyabiashara wenzake, na bibi wa Harbin, aliyepiga simu akalia kwa lafudhi ileile.

Tangazo la mwisho. Mmekaa hapa tangu asubuhi mkiwa mmefunga zipu hadi kidevuni, na kule chumbani joto linaipasha shuka tupu. Martina ameomba kwamba tukimaliza sala, Judica azifungue tena koki zote nne hadi mwisho, na kila mtu avue jaketi.

Pumzika kwa amani, shemeji. Wageni wako hawana baridi.