Risala Kuhusu Kompyuta Iliyomfisha Mzee Ngassa

Mgeni rasmi, Ndugu Justine Rweyemamu, Mratibu wa Mradi wa Sauti Vijijini. Meneja wetu, Ndugu Wilbroad. Wazee wetu wa Bariadi na Dutwa. Mabibi na mabwana, mhola!

KARIBU KWETU

Sisi wafanyakazi saba wa Redio Mhayo tumefurahi kukuona ana kwa ana. Tangu ulipotukabidhi kompyuta miaka miwili iliyopita, tumekuwa tukikuona kwenye kioo chake tu, katika ile picha uliyoiweka mwenyewe, ambayo hatuna uwezo wa kuibadilisha.

TULIKOTOKA

Tulianza katika chumba kimoja nyuma ya ghala la pamba. Matangazo ya vifo, harusi na ng'ombe waliopotea tuliyasoma kwa mdomo, moja kwa moja hewani, na msomaji akikohoa Bariadi nzima inajua. Kompyuta ilipofika, mwenzetu Matilda, mtangazaji na fundi mitambo aliyetokea Bukoba, akawa anarekodi matangazo asubuhi na mashine inayarusha yenyewe saa saba mchana.

MAFANIKIO

Wasikilizaji wameongezeka. Ng'ombe wengi wameonekana. Mafanikio makubwa zaidi yamo ndani ya changamoto, tumeshindwa kuyatoa humo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwezi wa sita mwaka jana, Mzee Ngassa Mayige wa Dutwa alifika studio asubuhi kutoa tangazo la msiba wa jirani yake, marehemu Shija. Matilda akalirekodi vizuri, akampa pole, mzee akapanda baiskeli yake kurudi kusaidia kuchimba kaburi.

Siku hiyo kompyuta ilikuwa imepokea masasisho na inataka kujizima ijiwashe upya. Ilimwomba Matilda ruhusa mara tatu, naye mara tatu akaiahirisha. Mara ya nne haikuomba. Saa saba na dakika mbili, muziki wa maombolezo ukapigwa, sauti ya Matilda ikasema, "Tunasikitika kutangaza kifo. Mzee Ngassa Mayige wa Dutwa," kisha kimya. Maneno yaliyokuwa yanafuata ni "anawajulisha ndugu na majirani kwamba jirani yake, Shija, amefariki dunia." Hayakutoka. Kwa dakika arobaini kioo kilikuwa cha bluu na kilimwambia Matilda asizime kompyuta. Alikaa mbele yake amejishika kichwa, kwani alijua sentensi imekatikia wapi.

Watu wakamiminika kwa Mzee Ngassa. Walikuta nyumba tupu, maana mwenyewe yuko makaburini, na utupu ule ukawathibitishia. Turubai likafungwa. Maharage yakainjikwa. Dada yake, Mama Kwandu, ambaye hakuwa amekanyaga hapo kwa miaka tisa, alipanda basi kutoka Nyalikungu akilia njia nzima.

Mzee Ngassa alirudi jioni, jembe begani, macho yake si mazuri tena, akakuta msiba nyumbani kwake. Akaketi nyuma na kumuuliza mtu wa karibu, kwa sauti ya chini, ni nani amefariki. Akajibiwa, "Ngassa." Akasema masikini, akainamisha kichwa. Alidhani ni Ngassa mwingine.

Ndipo akasikia sauti ya dada yake. Mama Kwandu alikuwa anaeleza mbele ya watu kwamba yeye na kaka yake waligombana kwa sababu ya jiwe la kusagia la marehemu mama yao. Alimsingizia kaka yake kuwa amelificha. Jiwe analo yeye, Nyalikungu, linazuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo. Kila mwaka alipanga kuja kusema, na kila mwaka aliona aibu.

Mzee Ngassa alielewa sasa kwamba marehemu ni yeye. Hakusimama. Alituambia baadaye kuwa alitaka dada yake amalize. Alipomaliza, akasema kutoka nyuma, "Kwandu, nimekusikia. Jiwe baki nalo."

Nusu ya waombolezaji walikimbia. Mama Kwandu hakukimbia. Alienda kumshika kaka yake uso kwa mikono miwili, akampapasa kama mtu anayekagua embe. Kisha wote wawili wakawaongoza watu, na masufuria ya maharage, hadi nyumbani kwa marehemu Shija, ambako waombolezaji walikuwa wanne.

Matilda alifika Dutwa kwa pikipiki kuomba radhi. Mzee akamwita mama kwa Kisukuma, akamwambia, "Mayu, mimi nimepona. Lakini Shija alikuwa azikwe na watu wanne. Hilo kalitafutie dawa."

Matilda akaanza kuitafuta. Alifungua mahali pa kuzuia mashine isijizime yenyewe, akakuta pamefungwa, na maandishi mekundu yanasema mpangilio huo unasimamiwa na taasisi yake. Akamuuliza Meneja taasisi hiyo ni ipi. Meneja akasema ni sisi. Basi tukaitisha kikao, tukapitisha kwa kauli moja kuiruhusu kompyuta isijizime, tukaandika muhtasari, tukapiga mhuri. Kesho yake ikajizima katikati ya taarifa ya habari.

Tukakata intaneti. Ikatulia, ila nasi tukakosa habari za kusoma, na kwa siku tisa tulirudia utabiri uleule wa mvua ambayo haikunyesha. Sasa Matilda huchomeka modemu robo saa kila asubuhi, kisha huichomoa na kutembea nayo kwenye pochi, hata kanisani.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi kompyuta mpya, wala gari, wala jengo. Tunaomba nenosiri la kufungulia mpangilio ule, uliloliweka siku ya makabidhiano. Tunakuomba uliandike kwenye karatasi, usilitamke, kwani hafla hii inarushwa hewani.

Ombi la pili ni dogo. Umeona kiti kimoja kati ya viti vyetu saba hakina mtu. Ni cha Matilda. Intaneti imewashwa kwa ajili ya ugeni wako, naye yuko studio, mkono kwenye kipanya, anaahirisha. Mpaka tunapoandika haya alikuwa ameahirisha mara mbili. Tunakuomba, kabla ya chakula, upite umsalimie, na uende na kalamu.

Mungu akujalie afya na akufikishe salama uendako. Amina.

Imesomwa na Philomena Athanasi, kwa niaba ya

Wafanyakazi wa Redio Mhayo, Bariadi.