Shangazi wa Nozeli Anastaafu, Karakana Haistaafu

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi katika karakana ya kikosi chetu cha zimamoto, Shangazi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Kuanzia siku inayofuata, kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa kando ya mlango wa bwalo, meza yake itafungwa, nafasi yake haitajazwa, na nozeli zote za kikosi zitakaguliwa kwa macho mara moja kila miezi mitatu. Wasifu huu wa kijitabu cha sherehe ya kumuaga umeandikwa na jirani yake wa meza, fundi wa mipira ya maji, ambaye ofisi ilimwomba aandike aya nne za furaha kuhusu tabasamu lake. Aya zimezidi. Tabasamu nalo, kwa miaka kumi na tisa niliyokaa naye meza kwa meza, nililiona baada ya saa za kazi tu.

Kwa wageni watakaoshika kijitabu hiki bila kujua tunazungumzia nini: nozeli ni kile kichwa cha chuma kilicho mwishoni mwa mpira wa kuzimia moto. Kina mpini wa kufungulia maji na pete ya mbele inayozungushwa. Ukiizungusha pete upande mmoja, maji yananyooka na kwenda mbali. Hapa kazini tunayaita mkuki. Ukiizungusha upande wa pili, maji yanatawanyika mbele ya askari na kumkinga na joto. Huo ni mwavuli. Moto ukimgeukia askari akiwa ndani ya nyumba, ana nafasi ya kuvuta pumzi mbili tu kutoka kwenye mkuki kwenda kwenye mwavuli. Pete ikigoma, hana pengine pa kujificha. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuhakikisha pete haigomi.

Aliajiriwa kama karani wa stoo. Fundi wa nozeli wa wakati ule alipoacha kazi, hakuna aliyeitaka meza yake, maana ilikuwa kwenye kona yenye unyevu na ilinuka mpira kutwa nzima. Yeye akaiomba. Aliambiwa hiyo ni kazi ya kiume. Akajibu kwamba amezihesabu nozeli zote hamsini na mbili za stoo na hajaona hata moja iliyoandikwa hivyo. Wakampa meza ili anyamaze. Tangu hapo hakunyamaza tena.

Jina la Shangazi alilipata kihalali. Mtoto wa kaka yake alikuwa askari mpya hapa, na siku ya kwanza alipomwona na ovaroli alimwita hivyo kwa sauti toka upande wa pili wa uwanja. Zamu nzima ikadaka. Leo hata wakubwa wenye mvi humwita Shangazi, na husimama wima anapopita, kama mtu anayekumbuka kwamba hajamsalimia shangazi yake tangu mwaka jana.

Ofisi ilipendekeza niruke yanayofuata. Siruki, kwa kuwa mwenyewe hakuyaruka.

Ulikuwa mwaka wake wa pili mezani. Pete zilikuwa nzito, akaona azipake grisi ya magari iliyokuwa kwenye kopo pale pembeni. Siku ile zilizunguka kwa raha, na akasifiwa. Kumbe grisi ya gari huuvimbisha mpira mdogo wa duara ulioko ndani ya pete. Huuvimbisha polepole, siku baada ya siku, na kwa nje huoni kitu. Wiki tatu baadaye ghala la magodoro liliwaka, na aliyekuwa mbele ameshika nozeli alikuwa mtoto wa kaka yake. Alipotaka mwavuli, pete haikusogea. Alitoka hai, mikono na masikio yameungua.

Kamati ya uchunguzi iliandika kwamba chanzo kilikuwa uchakavu wa kifaa. Shangazi alikwenda ofisini bila kuitwa, akaweka lile kopo mezani, akasema, "Si uchakavu. Ni mimi." Wakamsihi ayaache yapite. Hakuyaacha. Alidai barua ya onyo, akapewa, akaitundika ukutani juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania vifaa, mahali ambapo kila anayeingia lazima aisome. Nilipohamia meza ya jirani nilimuuliza kwa nini anajiaibisha. "Wewe nawe ungechukua kopo lile lile," aliniambia. "Sasa hutalichukua." Kaka yake alimnunia kwa miezi kadhaa. Aliyewapatanisha ni mtoto mwenyewe, bandeji zikiwa zimetoka juzi tu. Leo ndiye mkuu wa zamu ya pili.

Toka siku ile, hakuna nozeli iliyopata saini yake kabla ya kupita mikononi mwake. Aliifungua yote, akaosha mchanga kwenye meno ya pete, akabadilisha mipira ya ndani, akapaka grisi yake maalumu ambayo aliifungia kabatini kama dhahabu. Kisha aliipeleka uwanjani, ikafungwa kwenye pampu, maji yakafunguliwa kwa presha kamili, naye akaishika peke yake. Mkuki, mwavuli, mkuki, mwavuli, mara ishirini, akihesabu kwa sauti. Ikigoma mara moja, hata kama ni ya ishirini, ilirudi mezani. Ikipita, aliipaka mstari mmoja wa rangi ya njano. Shangazi ana mwili mdogo, na maji yale husukuma. Wanaosema zege imechimbika pale alipokuwa akikanyaga wanatia chumvi, ila kidogo tu.

Na mimi nina la kulalamika. Zamani askari walikuwa wakifunga mpini wa nozeli kwa pigo moja, maji yanagonga nozeli iliyofungwa, yanarudi nyuma kwa hasira, mpira unapasuka. Kiraka hapa, kiraka pale, nilikuwa mtu muhimu sana. Yeye akakaa wiki mbili akikaza mipini yote kwa kipimo kimoja, ikawa haifungiki kwa haraka hata ukiipiga teke. Mipira ikaacha kupasuka. Nusu ya kazi yangu aliimaliza yeye, na sikuwahi kuombwa radhi.

Nyumbani kwake hali si tofauti. Mume wake, kinyozi mpole mwenye duka dogo nyuma ya soko, ametundika spana jikoni kwa ajili ya wageni, kwa sababu koki za nyumba hiyo hazidondoshi hata tone na hazifunguki kwa mkono wa kawaida. Wajukuu wanajua kutumia spana kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Miaka minane iliyopita ziliwasili nozeli mpya arobaini, zinang'aa, siku tano kabla ya ukaguzi wa wakubwa. Mkuu wa Vifaa, aliyeziagiza, alitaka zifungwe kwenye magari siku hiyo hiyo. Shangazi akazishika moja moja. Kumi na saba ziligoma zilipoonja maji ya bwawa letu lenye mchanga, naye akakataa kupaka rangi hata moja kati ya zote arobaini. Mkuu wa Vifaa alikuja na karatasi mkononi.

"Mama, hizi zimeshapimwa huko zilikotoka."

"Huko hawana mchanga wetu."

"Basi nipe mimi niishike."

Akampa. Akamshauri avue koti la suti, hakuvua. Mkuki aliumudu vizuri, nasema kwa haki yake. Alipotaka mwavuli, pete ikakwama, akatoa mkono mmoja ili aizungushe kwa nguvu, na nozeli ikamburuta hadi kwenye maua yaliyo mbele ya ofisi. Hakuiachia. Alisimama kalowa chapachapa, akatengeneza tai, akasema zirudishwe. Zikarudishwa zote arobaini.

Mkuu huyo huyo ndiye anayeifunga meza ya Shangazi leo. Simdhanii kisasi. Ana nafasi sita na watumishi wanne, na mtu akibanwa hivyo hukata pale anapoona hapatapiga kelele. Amekosea hapo tu. Nozeli haikaguliwi kwa macho. Ile iliyomuunguza askari wetu ilikuwa safi, ilikuwa inang'aa, na mtu yeyote mwenye macho mazima angeipitisha.

Wiki iliyopita ililetwa fomu ya makabidhiano. Ina mstari wa anayekabidhi na mstari wa anayepokea, na kwenye mstari wa pili ofisi ilikuwa imeshachapa neno moja: Stoo. Shangazi aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akairudisha. "Stoo haina mikono," alisema. Bila fomu hiyo hapewi barua ya kuondoka. Alielezwa hivyo mara tatu, mara mbili kwa upole. Akajibu kwamba basi Jumatatu watamkuta mezani na chupa yake ya chai.

Mume wake alikuwa ameshanunua viti viwili vya kibarazani. Siku iliyofuata nilikwenda kunyolewa. Alininyoa bila utani, bila habari za soko, mpaka alipofika nyuma ya sikio. Akasimamisha mashine. "Shemeji," akasema, "hivi wewe mikono yako ina nini?"

 Ukweli ni kwamba kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kushika nozeli yenye maji. Mimi ni mtu wa gundi na viraka. Niliogopa, na nilijificha nyuma ya kusema kwamba si idara yangu.

Jumatano asubuhi nilimwambia Shangazi anifundishe. Hakusema asante wala hongera. Alinifanya nifungue nozeli sita na kuzifunga tena, akanikosoa nne, kisha tukatoka uwanjani. Mkuu wa zamu ya pili alikaa mwenyewe kwenye pampu, na zamu yake yote ikatoka kutazama, kwa kuwa watu wa hapa hawakosi cha bure. Maji yaliniangusha mara mbili. Mara ya pili Shangazi aliniinamia, akaniambia miguu yangu iko likizo. Nozeli ya tatu niliishika mpaka kumi na moja. Ya nne nikafika ishirini, na sauti ya kuhesabu ilikuwa ya zamu nzima. Aliichukua, akaizungusha pete kwa vidole viwili huku ameinamisha sikio, kisha akanipa brashi. Mstari niliochora umepinda. Alisema uachwe hivyo hivyo.

Baada ya hapo tulichapa fomu mpya. Kwenye mstari wa anayekabidhi alisaini yeye. Kwenye mstari wa anayepokea nilisaini mimi, na wakuu wote watatu wa zamu wakaandika chini yake kwamba hawatapanda gari lenye nozeli isiyo na mstari wa njano. Jana ofisi iliniandikia barua ikitaka nieleze, kabla ya sherehe, ni kwa mamlaka gani nimepokea meza inayofungwa. Jibu langu ndilo hili mnalolisoma. Limechapwa nakala mia mbili.

Shangazi, kikosi kizima kinakushukuru, wakiwamo wasiojua kwamba wapo hai kwa sababu yako. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na kiti kisichohitaji kukazwa. Jumatatu usije. Zamu ikitoka, kila nozeli itakuwa imeshikwa.