Naibu wa Papa Abner na Ripoti Namba 117

Tarehe 28 Novemba 2025, saa tisa na nusu alasiri, Papa Abner Mwepu, mtunza nyaraka wa ofisi yetu hapa Kamina, atarudisha funguo baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Karibu sita ya mwisho ameifanya akiwa na kifuko tumboni. Shefu wa biro, yaani mkuu wa ofisi yetu, Bwana Jéthro Kabange, aliniagiza niandike wasifu huu kwa ukurasa mmoja na nisikitaje kifuko. Kwa habari ya ukurasa mmoja, nitajitahidi.

Alianza mwaka 1989 kama mpiga chapa, akahamia kwenye hifadhi ya nyaraka pale mtangulizi wake alipokwenda likizo na kusahau kurudi. Tangu hapo amehudumia mashefu tisa, na wote tisa waliahidi makabati mapya. Makabati ni yaleyale, na paa linavuja palepale. Mvua moja ilipozidi, Papa Abner alipakia majalada kwenye baiskeli, safari kumi na moja, akayaanika juu ya vitanda vya nyumbani kwake. Mkewe, Mama Éliane, alilala chini siku nne kwa ajili ya utumishi wa umma.

Mwaka 2019 alikutwa na uvimbe kwenye utumbo mkubwa. Huko Lubumbashi madaktari walikata sehemu yenye ugonjwa, wakautoa utumbo nje kando ya kitovu, na choo chake tangu siku hiyo huingia kwenye kifuko kilichobandikwa kwenye ngozi. Ni cha maisha. Aliporudi, miezi mitatu hakuvuka ua wake. Sisi wenzake tulimtembelea kwa zamu: tulitazama tumbo lake, tukaguna, tukaomba kwa sauti kubwa, tukala wali, tukaondoka. Alikuja kuniambia kwamba siku za wageni ndizo alizolia zaidi.

Aliyemtoa ndani ni Mama Éliane. Alikata kanzu yake ya zamani ya kwaya ya Kimethodisti, akamshonea kifuniko cha kile kifuko, akamwambia waimbaji wa besi wamebaki wawili na mmoja wao anakohoa. Kisha akamaliza: "Balipasula tumbo, habakupasula sauti." Jumapili ile Papa Abner aliimba. Jumatatu akarudi kazini.

Hapa ofisini alikitangaza kifuko kuwa ni naibu wake. Alimweleza kila aliyeuliza kwamba naibu huyu haombi likizo, hadai posho ya safari, na hufanya kazi hata wakati wa hotuba. Hilo tulilisikia wenyewe siku ya salamu za mwaka mpya. Shefu alikuwa dakika ya arobaini, amefika kwenye ahadi ya makabati, naibu akanguruma. Papa Abner akainua mkono: "Mukubwa, naibu yangu iko na hoja." Akatoka nje kwa heshima zote.

Haikuwa mizaha tu. Maharagi alikula Ijumaa jioni tu, ofisi ikiwa imefungwa. Vifuko vya akiba vilikaa kwenye kopo la biskuti nyuma ya rejista ya 1994. Barabara ya Lubumbashi ilipoharibika na vifuko vikachelewa, kimoja alikitumia siku nyingi kuliko inavyotakiwa, ngozi ikachubuka. Siku hizo hakutania na mtu.

Februari 2023 ofisi ilianza kunuka. Mkutano uliitwa, ikaundwa Tume ya Harufu ya watu watano, mimi nikiwa katibu. Tulikaa mara nne. Ndani ya chumba cha hifadhi hatukuingia hata mara moja, kwa sababu kulikuwa na harufu. Tuliamua kwamba chanzo ni Papa Abner, tukapendekeza astaafishwe mapema kwa sababu za kiafya. Alikuwa amebakiza karibu miaka mitatu, na jambo moja tu alilitaka: amalize kazi yake kwa miguu yake mwenyewe, asitolewe. Wiki hizo alioga mara tatu kabla ya kuja. Kwaya aliiacha. Mimi nilihamisha meza yangu karibu na mlango, nikasema natafuta mwanga.

Sasa, utaratibu wetu ni kwamba hakuna karatasi inayofika kwa shefu kusainiwa kabla ya kupewa namba na mtunza nyaraka. Kwa hiyo ripoti ya kumfukuza nilimpelekea yeye mwenyewe, nakala mbili. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akasahihisha tarehe kwenye ukurasa wa pili, akagonga muhuri, akaandika 117. Akaniuliza ni kabati gani tulilonusa.

Alimwita Mama Exaucée, msafishaji, wakafungua makabati moja baada ya jingine. Katika lile la shefu, chini ya tundu la paa, walikuta gunia la samaki wakavu wa Kinkondja, kule ziwani, zawadi ya Noeli ambayo shefu aliificha tusimwombe, kisha akaisahau. Mvua ilikuwa imewalowesha tena. Mama Exaucée alisema neno la Kiluba lisilofaa kwenye wasifu.

Tume ilikaa mara ya tano na kuandika kwamba harufu imekoma yenyewe. Hakuna aliyeomba msamaha. Papa Abner aliiweka ripoti namba 117 kwenye jalada la Mazao ya Ziwa, akaja kunisaidia kurudisha meza yangu. Alishika upande mzito, ingawa daktari amemkataza.

Wiki jana nilimwomba namba 117 niichane. Alikataa. Alisema, "Karatasi ikiingia huku, haitoke."

Basi, Papa Abner, kabla hujakabidhi funguo, pokea na hii, nakala mbili. Shefu hajaipitia. Mimi, Seth Ngoie, katibu wa Tume, sikunusa kitu chochote mpaka nilipoambiwa kuna harufu, na bado nilisaini. Nilikukosea, na nimeona haya miaka yote hii. Ipe namba, uiweke juu ya ile nyingine.

Asante kwa miaka thelathini na sita. Wewe, Mama Éliane na naibu wako, mupumzike vizuri, na maharagi sasa muyale siku yoyote.